Saa ya Susu Haikuwa Mbovu

Nthenya mwanangu, Mwaitu,

Leo mezani umeniuliza kama kesho nitakubariki kabla gari halijaja, nami nikainuka nikaanza kukusanya sahani ambazo hata hazikuwa zimeisha chakula. Baba yako ananiambia nimekuaibisha mbele ya shangazi zako. Sawa, nimekuaibisha. Sikukujibu kwa sababu jibu lililokuwa mdomoni lilikuwa baya, na unajua kwetu Ukambani mzazi akimtemea mtoto mate ya baraka huku tumbo lake limejaa hasira, baraka ile hugeuka kuwa kyumo, laana, ikamfuata mtoto hata akipanda ndege. Pasta anasema hayo ni mambo ya kale na maombi yanatosha. Pasta hana binti anayekwenda Ujerumani kesho. Kwa hiyo nimeketi niyatoe yote hapa, nikitumaini tumbo litakuwa tupu tutakapoamka.

Usitafute maneno matamu hapa mwanzoni. Sina.

Sitakuandikia habari za sweta, wala pasipoti, wala za kupiga simu ukifika, wala za wanaume. Shangazi zako wamekuambia hayo wiki nzima mpaka nikakuona unaitikia tu huku akili iko kwingine. Huko hospitali unakokwenda kuuguza wagonjwa, watakuambia mengine. Mimi nataka tuongee juu ya saa.

Nilikupa ile saa ya mama yangu mwezi uliopita, siku visa yako ilipotoka. Niliitoa mkononi mwangu nikakufunga wewe, nikasema, "Hii ni ya susu, sasa ni yako," kisha nikaenda kuangalia maharagwe jikoni. Hayo tu. Hilo nitalirudia huko mbele, kwa sababu katika hasira hii yangu kuna fungu langu mwenyewe na sitaki uje uniambie baadaye kwamba nililificha.

Halafu ikaja Jumapili ya maombi yako ya kuagwa. Uwanja wetu ulijaa watu wa kanisa, kwaya ikaimba, na wewe ukapewa nafasi ya kushukuru. Ukainua mkono wa kushoto juu watu waone. Ukasema, "Hii ni saa ya marehemu susu. Imekuwa mbovu miaka yote, ilikuwa inaonyesha time ya uongo kabisa, lakini nimeipeleka kwa fundi Nunguni na kwa jina la Yesu imepona!" Watu wakasema amina. Mwaitu, watu waliipigia makofi. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chapati.

Nilingoja watu wapungue nikakushika mkono, nikaweka sikio kwenye kioo cha saa. Unajua mlio wake ulivyokuwa: mwembamba, wa haraka haraka, kama mdudu anayetafuna jani kavu. Nilisikia kimya. Ukacheka ukaniambia, "Mum, haipigi kelele tena. Nimebadilishiwa yote ya ndani, sasa iko na betri. Hata huhitaji kuitia ufunguo." Nikaangalia vizuri. Ile mikono yake ya rangi ya buluu iliyokuwa myembamba kama miiba, haipo. Kuna miwili inayong'aa kama karatasi ya peremende. Uso wake fundi ameubandika kwa gundi na umekaa upande. Jina bado lipo, Orlina, kwa zile herufi za kujikunja. Jina ndilo hakuligusa.

Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, kwa utulivu, ule utulivu wenu wa kuongea na wagonjwa, "Mum, ilikuwa six hours off. Asubuhi nikiangalia simu ni eight, saa inasema two. Kila siku. Nikajua imekufa."

Ungesema kwa Kiswahili ungejisikia mwenyewe. Asubuhi ile ilikuwa saa ngapi, Nthenya? Sema kwa sauti. Ilikuwa saa mbili. Na saa ya susu yako ilikuonyesha mbili.

Haikuwa mbovu. Haijawahi kuwa mbovu hata siku moja. Ilikuwa ni wewe unaisoma kwa Kiingereza.

Sasa nitakueleza jambo ambalo hujui. Jumatatu niliposema nakwenda kumwona mgonjwa, sikwenda kwa mgonjwa. Nilipanda boda mpaka Nunguni nikamtafuta huyo fundi wako. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nikakuta kijana mpole, meza yake iko mbele ya duka la makava ya simu, amejifunika kofia kwa sababu ya jua. Nikamuuliza mashine ya ndani ya ile saa ndogo ya kike iko wapi. Akasema, "Ile ilikuwa scrap, Mama." Nikamwambia scrap ni nyanya yake. Hakunijibu kwa ubaya. Alichukua kifuniko cha mkebe wa rangi akanisogezea. Ndani kulikuwa na magurudumu madogo madogo, skrubu, springi zilizojikunja, vya saa nyingi vimechanganyika pamoja. Akasema, "Chagua yako."

Nilisimama pale nikikitazama kile kifuniko. Saa ambayo niliitia ufunguo kila asubuhi tangu ukiwa mtoto, na nisingeweza kukuonyesha hata gurudumu moja nikasema hili ni lake. Sikuwahi kuiona tumbo. Fundi akaniuliza, "Kwani ilikuwa inafanya kazi? Msichana alisema imekataa kushika saa." Nikamwambia ilikuwa inashika, ilikuwa inashika saa ya Kiswahili. Akacheka kidogo, kisha akaniangalia usoni akaacha. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na nikakuambia mgonjwa anaendelea vizuri.

Susu yako aliinunua mwenyewe. Hilo ulijue kwanza. Hakupewa na mume, hakupewa na mzungu, hakuokota. Alisuka vyondo, vile vikapu vya katani, kule Kyuso miaka na miaka, akaviuza, na siku moja akaingia kwenye duka la Mhindi kule Mwingi na kanga yake na vumbi lake miguuni, akaonyesha kwa kidole. Mwenye duka akamletea saa kubwa za wanaume, kwa sababu alidhani ametumwa na mumewe. Akazirudisha. Alitaka ile ndogo, yenye uso usiozidi ukucha wa kidole gumba. Kikamba hakina r, kwa hiyo kwake ilikuwa Olina, na kwa Kyuso nzima ikawa Olina. Akasema "Olina amelala" akisahau kuitia ufunguo. Babu yako aliuliza mwanamke na saa, anachelewa kwenda wapi. Susu aliendelea kupepeta ndengu.

Mwenye duka alimwekea saa ile kama saa zote zinavyowekwa. Alipofika nyumbani aliitazama siku nzima, akaona jua linachomoza na mkono mfupi uko kwenye saba. Lakini yeye, na jirani zake, na mwenye duka mwenyewe akiongea Kiswahili, jua likishachomoza wanasema saa moja. Akadhani ameuziwa mbovu. Ndiyo, hata yeye alidhani hivyo, lakini tazama alichofanya. Alirudi Mwingi kuuliza. Akaelezwa kwamba mtu husoma saa kwa namba inayotazamana na mkono: ukiona kumi, unasema nne. Akauliza swali ambalo mimi mwalimu sijawahi kulijibu: "Kwa nini mkono useme uongo halafu mdomo uusahihishe?" Basi akavuta kile kitufe cha pembeni akazungusha mikono mpaka ikasema ukweli. Saa moja ikawa moja. Saa nne ikawa nne. Akaiacha hapo maisha yake yote, na watoto wa jirani walitumwa kwake kuulizia saa, na hakuna aliyewahi kukosa basi kwa sababu yake.

Yule Mhindi alimwambia pia saa hiyo ilikotoka. Kwamba ni Uswisi, nchi ya milima, na wakulima wa huko theluji ikianguka hawawezi kutoka nje, basi wanakaa jikoni miezi yote ya baridi wakichonga magurudumu ya saa. Susu alilipenda jambo hilo kuliko saa yenyewe. Alikuwa akituambia tukiwa tumekaa kivulini tunasokota katani, mvua imekataa, shamba limekauka: "Wao wamefungiwa na baridi, sisi tumefungiwa na jua, na mikono yetu haijalala." Aliwaongelea kama watu wa ukoo wake waliohamia mbali.

Kwa hiyo Jumapili ile jioni, ulipotoa simu ukaanza kunisomea historia ya Orlina ili kujitetea, hukujua unamsomea nani. Ulisoma vizuri, ulikuwa daima msomaji mzuri. Kwamba ilianza kwa fundi mmoja na mkewe mwenye vidole vyembamba. Kwamba yule mke alikataa wanawake wauziwe saa za wanaume zilizofinywa, akataka mashine yao wenyewe, iliyobuniwa ndogo tangu mwanzo. Kwamba walioziunganisha kiwandani walikuwa wanawake, na zikasafirishwa dunia nzima hadi huku kwetu. Nilikuwa karibu kulainika. Kisha ukafika mahali saa za betri zilipoingia kutoka mashariki, rahisi, zisizotaka ufunguo, na kiwanda kikafungwa. Mashine zikauzwa kama chuma chakavu. Jina likauzwa kwa mfanyabiashara, huyo akamuuzia mwingine, na leo Orlina ni saa za betri zinazouzwa viwanja vya ndege, na hakuna mtu wa ile milima anayezigusa. Ukafunga simu ukasema, "So unaona, Mum? Hata wenyewe walihamia betri. Nimefanya tu vile kampuni ilifanya."

Hapo ndipo nilipoondoka kwenda kufungia kuku ambao walikuwa wamefungiwa tayari.

Hawakuhamia, Nthenya! Umesoma kwa mdomo tu? Walifungiwa kiwanda. Wale wanawake walitumwa nyumbani na vidole vyao, na mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi akanunua herufi zile za kujikunja akazibandika kwenye kitu chake. Wewe unaniletea jambo hilo kama ushahidi wa upande wako. Mimi nilipolisikia nilitaka kuvunja kitu. Kununua jina ni rahisi. Kila mwenye pesa hununua jina. Na wewe, kati ya watu wote, wewe ambaye nilikuita Nthenya kwa sababu yeye alikuwa Nthenya, wewe ambaye nakuita Mwaitu, mama yangu, kwa sababu kwa jina hilo ni kweli u mama yangu, ulikaa kwenye kiti changu ukaniambia cha ndani si kitu mradi jina limebaki.

Unakwenda mahali watakutaka uwe Nthenya kwa nje na ndani wakuwekee kitu rahisi kisichowasumbua. Usikubali. Hayo ndiyo mahubiri yangu yote, yameisha, sitayarudia.

Na usicheke, lakini nimeambiwa na mwalimu mwenzangu ambaye kijana wake yuko huko: Wajerumani husogeza saa zao mbele, kisha wakazirudisha nyuma, kila mwaka, nchi nzima, serikali ikiwa imeketi na kukubaliana. Hakuna mtu anayewaambia saa zao zimekufa. Hakuna anayewapeleka Nunguni. Susu yako alisogeza mara moja tu, akawa mjinga.

Sasa fungu langu.

Nimefundisha darasa la chini kusoma saa tangu kabla hujazaliwa. Wewe mwenyewe nilikufundisha kwa saa ya boksi niliyoikata jikoni, mikono yake imeshikwa na msumari. "Angalia namba, kisha soma inayotazamana nayo." Watoto wa Mbooni hii yote wanasoma saa kwa sauti yangu. Na tangu ulipozaliwa, mkononi mwangu nilikuwa nimevaa saa iliyosema kinyume, na mtoto akiuliza, "Ticha, mbona yako hivyo?" nilivuta mkono wa sweta. Niliivaa kwa ajili ya mama yangu na nikaificha kwa ajili yangu. Ndiyo sababu nilipokupa nilikimbilia maharagwe. Kukueleza saa ile kungenilazimu kukueleza siku ya ntheo yangu, siku nilipoletewa mbuzi za posa, na sikutaka uniangalie vile nilivyojua ungeniangalia.

Basi sikia. Watu wa baba yako walitoka huku milimani wakashuka mpaka Kyuso na mbuzi za kunioa. Walikuwa wameambiwa saa nne, wakafika mchana, wamechoka na joto ambalo hawakulizoea. Mjomba mmoja wa baba yako, mtu wa ofisi, mwenye kalamu mfukoni, alianza kujitetea kwamba hawajachelewa sana. Susu yako akamwonyesha mkono wake, kwa upole, aone ni saa ngapi. Yule mjomba akainama akaangalia, kisha akainuka akageukia watu wote. "Asi! Mama, hii saa imekufa, ama ni ya Uarabuni?" Watu wa kwao wakacheka. Watu wetu wakacheka kwa sababu wageni wamecheka. Na mimi, niliyekuwa nimetoka chuo cha ualimu, niliyejua kabisa kwa nini mkono ule umekaa pale, nilicheka nao. Sikutabasamu tu. Nilicheka mpaka nikafunika mdomo.

Mama aliniangalia mimi. Mjomba hakumwangalia hata kidogo, aliniangalia mimi. Kisha akavuta kanga ikafunika mkono, na akaenda kuwapakulia wageni chakula.

Niliondoka Kyuso baada ya harusi na pasta akaniombea vizuri sana. Baba akanitemea mate kifuani na kwenye viganja, akaniambia niende nizae, nilime, nisirudi kwa kukimbia. Mama alisimama kando na mikono ndani ya kanga. Nilisogea mbele yake nikainamisha kichwa. Alinifunga kifungo cha blauzi kilichokuwa kimefunguka, akasema, "Haya, gari linakungoja." Hakunitemea.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia kwa hilo. Nilijiambia ni ukaidi wa mwanamke wa kijijini, amekasirikia kicheko kidogo. Miaka mingi nimekuwa mzazi ndipo nimeelewa kwamba alikuwa ananilinda. Alikuwa amejaa hasira na aliogopa mate yake. Kosa lake, kama alikosa, ni kwamba hakusema. Na kosa langu ni kwamba sikurudi kumwambia nimekosa. Nilikuwa naenda Kyuso na sukari na mchele, namletea leso, naongea juu ya kila kitu. Kila mara nasema safari ijayo. Ulipozaliwa alikuja huku, akapanda vile vijia vyetu akihema, akakushika. Wewe alikubariki. Alikutemea mate mpaka ukalia, na akaivua Olina akaiweka juu ya kifua chako, akasema, "Mwenye jina langu akikua, mpe." Nilikuwa nimelala pale kitandani pembeni, karibu kabisa. Hakugeuka upande wangu, nami sikuomba. Hakukaa sana baada ya hapo, unajua, ule mwaka wa nimonia.

Kwa hiyo saa ile ni yako kweli. Baba yako amelisema hilo tangu Jumapili kana kwamba ni jibu. "Saa ni yake, afanye apendavyo." Na jana akaongeza jingine, akanishika bega kwa huruma: "Hujakasirikia saa wewe. Unaumia kwa sababu mtoto anaenda." Nilimwondoa mkono. Kwa nini wanaume wakishindwa na hasira ya mwanamke huibadilisha jina wakaiita huzuni? Nina huzuni pia, iko upande wake, nitailia baadaye nikiwa peke yangu kwenye mibuni. Hii nyingine ni hasira na ni ya saa. Nimekasirika kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho bado kilikuwa kinatembea vile mama yangu alivyokitembeza, na wewe ulikiangalia ukakiona kibovu, na hukurudi kuuliza. Hilo ndilo linaniuma zaidi ya yote. Yeye asiyejua kusoma alirudi Mwingi kuuliza. Wewe, mimi nilikuwa chumba cha pili tu.

Na nimejikasirikia mimi, kwa sababu hata ungekuja kuuliza sijui kama ningekujibu.

Nimeandika mpaka mkono unauma na naona hasira imepungua, lakini haijaisha, sitakudanganya. Nimejaribu kuitafuta iliyobaki imeshikilia wapi. Nadhani ni hapa. Tangu Jumapili umenieleza mengi: six hours off, parts hazipatikani, kampuni yenyewe ilihama, nilitaka kukufurahisha. Umeniletea hata soda. Umesema "sikujua" mara nyingi, na ni kweli hukujua. Lakini neno lenyewe hujalisema. Mimi nililijua neno hilo na nikalibeba kwenda Kyuso na kurudi nalo, kila safari, mpaka aliyestahili kuambiwa akawa hayupo. Sitaki ulibebe kwenda nalo Ujerumani. Ni zito kuliko hilo sanduku lako.

Saa nenda nayo. Betri ikiisha, nunua nyingine. Mikono iweke unavyotaka, ya kwao au ya kwetu, mimi sitauliza. Saa ni yako, hasira ilikuwa yangu.

Kesho asubuhi usingoje mpaka watu wakusanyike na pasta aanze kukohoa. Njoo jikoni kwanza, peke yako, nitakuwa nawasha moto. Funga mlango. Niambie, "Mwaitu, nimekosa." Kikamba ama Kiswahili, hata Kiingereza sitajali, lakini useme. Nami nitakujibu pale pale, bila sahani mkononi, na nitakutemea mate kifuani na kwenye viganja, na nakuahidi hakutakuwa na kitu kingine ndani yake. Utasikia harufu ya chai tu.

Kisha usitoke. Nikimaliza nitainama mbele yako. Najua ni kinyume, mzazi hainamii mtoto, na shangazi zako wakituona watapiga kelele. Lakini wewe una jina lake, na hakuna mtu mwingine aliyebaki nalo ninayeweza kumwendea. Nitasema neno langu, lile nililochelewa nalo. Ukisikia nimelimaliza, nitemee.

Mama yako